Rubani kaishiwa saa, safari imefutwa: Tumlaumu nani?

Wadau, kuna jambo moja ambalo kila aliyewahi kukaa uwanja wa ndege analijua, na ambaye bado atakuja kulijua. Ndege ipo, mnaiona kwa macho kupitia kioo. Mafuta yameshajazwa, mvua imekatika, mizigo imeshaingia. Halafu anatokea dada wa kampuni na kipaza sauti: safari imefutwa kwa sababu marubani wamemaliza saa zao za kazi. Hapo ndo watu wanapandisha. Mmoja anasema rubani mwenyewe amemwona sasa hivi anakokota begi lake kuelekea hotelini, mzima kabisa. Mwingine anasema hawa jamaa wanalipwa mshahara mnono na bado wanaringa.

Mimi nasema hasira ni halali, ila mara nyingi inapelekwa kwa mtu asiyehusika. Nitatumia zaidi mfano wa Marekani, kwa sababu kule sheria zao zimeandikwa wazi, kesi zao zinajulikana, na walishazika watu ndipo wakazibadilisha. Baadaye tutapita India, ambako wengi wetu tuna ndugu waliokwenda kutibiwa, halafu turudi Nairobi.

SHERIA YENYEWE ILITOKA WAPI

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, kampuni ndogo iliyokuwa ikirusha abiria kwa jina la Continental Connection, ilitoka Newark kwenda Buffalo. Haikufika. Iliangukia nyumba kwenye kitongoji cha Clarence Center, jimbo la New York. Watu wote 49 waliokuwemo walikufa, na mtu mmoja ndani ya ile nyumba. Jumla 50.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ilichunguza ikasema chanzo kikuu ni kapteni: alipopata onyo kwamba mwendo umepungua na ndege inakaribia kushindwa kuelea hewani, alivuta usukani wakati alitakiwa kuusukuma mbele. Lakini kilichowashtua Wamarekani ni maisha ya wale marubani kabla ya safari. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi pale uwanjani Newark. Rubani msaidizi alikuwa akiishi upande wa Seattle, magharibi mwa nchi, na alisafiri usiku kucha kwa kudandia ndege, akabadilishia Memphis, ili awahi kazini mashariki. Bodi ilisema uchovu huenda uliathiri kazi yao, ila kwa kiasi gani haikuweza kupima.

Familia za marehemu hazikukubali mambo yaishie hapo. Walikwenda Washington tena na tena, wamebeba picha za watu wao. Julai 2010 Bunge likapitisha sheria, na mamlaka ya anga, FAA, ikaagizwa kuandika upya kanuni za uchovu. Kanuni zilitangazwa Desemba 2011 na zikaanza kutumika tarehe 4 Januari 2014. Marubani wanaziita Sehemu ya 117.

Kwa ufupi zinasema hivi. Rubani asiruke zaidi ya saa 100 ndani ya siku 28, wala saa 1,000 ndani ya mwaka. Kila wiki apate saa 30 mfululizo za kuwa huru kabisa. Kabla ya zamu apumzike saa 10, na ndani ya hizo awe na nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Urefu wa zamu unategemea saa aliyoripoti na idadi ya safari alizopangiwa: ni kati ya saa 9 na saa 14 kwa ndege yenye marubani wawili. Anayeanza asubuhi kwa safari moja au mbili anaruhusiwa saa 14. Anayeripoti baada ya saa 6 usiku anapewa 9 tu, maana mwili wa binadamu hauwezi kudanganywa kuhusu usiku.

Ndugu zangu wa mabasi ya mikoani wanaelewa hili haraka. Trafiki akisimamisha basi la safari ndefu anauliza dereva wa pili yuko wapi. Ni hesabu ileile, ila hapa basi liko futi elfu thelathini juu.

MAHALI MZOZO UNAPOANZIA

Sasa tuchukue mfano wa kawaida. Rubani ameripoti saa 7 mchana, amepangiwa safari 4. Kwa kanuni hizo zamu yake ni saa 12, maana yake mpaka saa 7 usiku ndege iwe imeshaegeshwa. Kwenye karatasi kampuni ilipanga amalize saa 5 usiku. Safi, kuna saa 2 za ziada. Jioni inakuja dhoruba, safari ya pili inachelewa saa 3. Piga hesabu: safari ya mwisho itaegesha saa 8 usiku. Imezidi kwa saa nzima.

Hapo simu inalia. Anayepiga ni mpanga zamu. Huyu ni mtu wa ofisini, amekaa mbele ya kompyuta labda kilomita elfu mbili kutoka hapo, na kazi yake ni kuhakikisha kila ndege ina watu. Anauliza: "Kapteni, unaweza kuongeza?" Sheria inaruhusu kuongeza mpaka saa 2 kukitokea jambo ambalo halikutarajiwa, lakini kapteni lazima akubali. Tena kila rubani, siyo kapteni peke yake, lazima athibitishe kwa maandishi kabla ya kuruka kwamba yuko fiti kwa kazi. Akihisi amechoka haruhusiwi kuruka, na kampuni haiwezi kumlazimisha.

Angalia vizuri hapo. Mpanga zamu anaona kisanduku kwenye kompyuta: saa 1 imezidi, ruhusa ipo, tatizo limekwisha. Rubani anaona kutua usiku wa manane kwenye mvua akiwa macho tangu saa 12 asubuhi. Wote wawili wanasema ukweli. Ila mmoja akikosea anaandikiwa barua na bosi, mwingine akikosea anasomwa kwenye magazeti.

Watu wengi wanamchanganya mpanga zamu na mtu mwingine wa ofisini, yule mratibu wa safari ambaye wenyewe wanamwita dispacha. Hawa ni wawili tofauti, na tofauti yao ndiyo roho ya mada hii. Dispacha kule Marekani ana leseni ya serikali. Anapanga njia, mafuta, hali ya hewa, uwanja wa akiba. Kisheria yeye na kapteni wanabeba jukumu kwa pamoja juu ya maandalizi ya safari. Mmoja akikataa, ndege haiondoki. Naye ana ukomo wake: zamu yake haipangwi kuzidi saa 10 mfululizo. Kwa hiyo dispacha na rubani wakibishana kuhusu mafuta au radi, wanabishana kama watu wenye dhamana moja. Kila mmoja anajua leseni ya mwenzake iko mezani pia.

Mpanga zamu hana leseni hiyo. Sheria haimtaji kwenye kuruhusu safari. Anapimwa kwa kitu kimoja: ndege ngapi zimekosa watu leo. Na kichekesho chenye uchungu ni kwamba huyu anayehesabu uchovu wa wenzake usiku kucha, kanuni hizi za anga haziuhesabu wa kwake.

Ndiyo maana lawama nyingi za marubani zinaelekezwa kwake. Wanalalamika anapiga simu wakati wa mapumziko. Wanalalamika anabadilisha ruti dakika ya mwisho ili hesabu ikubali, kwa mfano kukuondolea safari moja ili saa zako ziongezeke. Wanalalamika kuhusu zile zamu za kusubiri, ambapo rubani, mara nyingi mgeni kazini, anakaa na begi limefungwa na simu mkononi mpaka saa 14, hajui ataitwa saa 3 asubuhi au saa 2 usiku. Alale saa ngapi? Akilala mchana na asiitwe, usiku hana usingizi. Akiacha kulala na akaitwa jioni, anaanza zamu akiwa ameshachoka.

Na akisema nimechoka? Sheria inamlinda asiruke. Mfuko wake ni habari nyingine. Katika baadhi ya kampuni suala la kulipwa au kutolipwa kwa siku hiyo linaamuliwa na kamati baadaye, kwa kuangalia kama uchovu umetokana na ratiba au na mambo yako binafsi. Kwa hiyo kijana mwenye madeni ya ada ya chuo cha urubani, na chuo hicho si bei ya kitoto, anajiuliza mara mbili kabla ya kulitamka neno hilo.

MARUBANI NAO SI MALAIKA

Tuwe wakweli. Kanuni hizi zinaweza kugeuzwa fimbo. Rubani akiwa na kinyongo na kampuni anaweza kukataa kila saa ya ziada, kila ombi la siku ya mapumziko, kila simu. Havunji sheria yoyote, ila ratiba inakufa.

Mei 2017 kampuni ya Spirit ilifuta mamia ya safari wakati ikiwa kwenye mazungumzo ya mkataba na chama cha marubani, ALPA. Kampuni ikakimbilia mahakamani ikidai marubani wamegoma kimyakimya kwa kutopokea safari za ziada. Chama kilikanusha. Uwanja wa Fort Lauderdale, Florida, abiria na polisi walivutana na ngumi zikarushwa. Jaji wa shirikisho akatoa amri ya muda ya kuzuia mgomo huo, na chama kikawaambia wanachama wake waitii.

Lakini hata hapo kuna swali. Kama ratiba yako inasimama tu pale watu wanapokubali kufanya kazi siku zao za mapumziko, je, hiyo ni ratiba au ni bahati nasibu? Saa ya ziada ni hisani. Ukishaanza kuihesabu kama haki, siku mwenye hisani akinuna huna kitu.

SOUTHWEST 2022: KOMPYUTA ILIPOPOTEZA WATU

Kisa kinachoonyesha yote haya ni Krismasi ya mwaka 2022. Dhoruba kubwa ya baridi iliikumba Marekani kuanzia tarehe 21 Desemba. Kampuni zote zilifuta safari. Baada ya siku chache nyingine zikarudi kwenye hali ya kawaida. Southwest ndo kwanza ikazidi kuzama. Mpaka mwisho wa mwezi ilikuwa imefuta safari zipatazo 16,900 na abiria zaidi ya milioni 2 wamekwama.

Kwa nini wao? Kwanza, mtandao wao. Kampuni kubwa nyingine zinarudisha ndege na watu wake kwenye vituo vikuu, kwa hiyo mambo yakiharibika marubani wengi wako sehemu moja. Ndege za Southwest zinaruka mji hadi mji, kama daladala isiyorudi kituoni. Zikisimama, rubani yuko Denver, mwenzake yuko Chicago, na ndege yao iko Baltimore.

Pili, programu yao ya kupanga zamu. Ilitengenezwa kushughulikia mabadiliko yanayokuja. Safari zikafutwa nyingi kiasi kwamba mabadiliko mengi yalishapita, na programu ikabaki nyuma ya matukio. Kampuni haikujua tena nani yuko wapi. Marubani na wahudumu walipiga simu ofisini kusema tupo, tumepumzika, tuko tayari, wakakaa kwenye foleni ya simu kwa masaa mengi. Wengine walilala viwanjani. Wapanga zamu walianza kupanga kwa mkono, mmoja mmoja. Na mara nyingine walipofanikiwa kupata watu wa ndege moja, saa za mmojawapo zilikuwa zimeshaisha, wanaanza upya.

Tafakari hilo. Kulikuwa na ndege. Kulikuwa na marubani waliopumzika. Kilichokosekana ni simu kupokelewa. Ila abiria pale ukumbini aliambiwa hakuna watu wa kurusha ndege.

Na hili halikuwa jipya. Chama cha marubani wa Southwest kilikuwa kimelalamikia mifumo hiyo kwa miaka. Februari 2023 bosi wa uendeshaji, Andrew Watterson, aliomba radhi mbele ya Seneti. Desemba 2023 wizara ya usafirishaji iliipiga kampuni adhabu ya dola milioni 140, sehemu kubwa ikiwa ya fidia kwa abiria wa baadaye. Hasara yenyewe kampuni ilishaikadiria kwa mamia ya milioni. Hela ya kununua programu bora na kuajiri watu wa simu isingefika huko.

INDIA 2025, SINEMA ILEILE

Desemba 2025 ikawa zamu ya IndiGo, kampuni inayobeba zaidi ya nusu ya abiria wa ndani wa India. Mamlaka ya anga ya India ilikuwa imetangaza kanuni mpya tangu Januari 2024: mapumziko ya wiki yapande kutoka saa 36 hadi 48, na kutua usiku kupunguzwe kutoka mara 6 hadi 2. Awamu ya mwisho ilianza tarehe 1 Novemba 2025. Mwanzoni mwa Desemba IndiGo ikaanza kufuta safari kwa mamia, na siku moja ikavuka 1,000. Marubani waliokuwepo hawakutosha kwa ratiba iliyopangwa.

Kampuni ilikuwa na muda wa kutosha wa kujiandaa. Na nini kilifuata? Serikali iliilegezea IndiGo baadhi ya kanuni mpaka tarehe 10 Februari 2026, huku ikiiagiza ipunguze safari zake kwa asilimia 10. Vyama vya marubani vililalamika, na mimi naona walikuwa na hoja. Kampuni ikishakuwa kubwa kiasi cha kusimamisha nchi, sheria ya usingizi inageuka kitu cha kujadiliana.

Hili linatugusa. Ndugu zetu wanaokwenda India kwa matibabu wengi wanashukia Mumbai au Delhi, kisha wanaunganisha kwenda Chennai au Hyderabad kwa ndege za ndani. Mgonjwa mwenye miadi ya hospitali akikwama hapo, kinachomkwamisha ni uamuzi uliofanywa ofisini miezi mingi nyuma.

BEI YA USINGIZI

Kama unadhani sheria hizi zinaandikwa kwa kuangalia mwili wa binadamu tu, fikiria mizigo. Sehemu ya 117 iliwaacha nje marubani wa ndege za mizigo. FAA ilisema gharama kwa kampuni hizo ni kubwa kuliko faida. Tarehe 14 Agosti 2013 ndege ya UPS, safari namba 1354, ilianguka alfajiri ikikaribia kutua Birmingham, Alabama. Marubani wote wawili walikufa. Wachunguzi walitaja uchovu miongoni mwa sababu zilizochangia, na kwa rubani msaidizi walisema pia hakuutumia vizuri muda wake wa mapumziko. Kinasa sauti kilionyesha kwamba kabla ya kuruka wawili hao walikuwa wakizungumzia hilohilo: kwa nini kanuni za mapumziko ziwe tofauti kwao.

Rubani wa mizigo ana macho kama ya rubani wa abiria. Tofauti ni kwamba kasha halina familia ya kwenda Washington na picha.

NA HUKU KWETU?

Tusichanganye mambo. Mgomo wa marubani wa Kenya Airways ulioanza tarehe 5 Novemba 2022, ukakwamisha maelfu pale JKIA mpaka mahakama ikawaamuru warudi kazini tarehe 9, ulihusu mfuko wa akiba ya uzeeni na malipo yaliyosimamishwa. Haukuwa mgomo wa saa za kazi. Lakini maneno ya ukumbini yalikuwa yaleyale: marubani wanaringa.

Mamlaka za anga za Kenya, Tanzania na Uganda nazo zina kanuni za saa za marubani, maana shirika la anga la kimataifa, ICAO, linazitaka nchi wanachama ziwe nazo. Kwa hiyo siku ukisikia kwa kipaza sauti kwamba marubani wamemaliza saa, usiishie kufoka. Uliza maswali matatu. Ndege ilianza kuchelewa saa ngapi, na kwa sababu gani? Kuna rubani wa akiba kituo hiki, au kampuni haiweki kabisa? Na safari hii imefutwa kwa sababu hiyohiyo mara ngapi mwezi huu? Jibu la swali la tatu ndilo linalotenganisha bahati mbaya na ubahili.

Mtazamo wangu ni huu: rubani anayesema nimechoka amefanya kazi yake. Mpanga zamu aliyempigia naye alikuwa akifanya ya kwake, tena kwa mshahara mdogo zaidi. Wa kuulizwa ni yule aliyepanga ratiba isiyo na pumzi, akaweka marubani wa akiba wachache na simu chache, halafu dhoruba ikija anamtuma dada wa watu na kipaza sauti.

Wadau wenye ndugu kwenye mashirika ya ndege, au waliowahi kukwama, mwageni data hapo chini. Na madereva wa masafa marefu pia, maana nina hakika mna ya kusema. Nawasilisha.